Uliza Ujibiwe: Bei za gemu na vifaa vyake, nani anatukamua?

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia bei: kadi za grafiki, RAM, gemu zenyewe, hata mashine za kuchomeka kwenye televisheni. Tumechagua saba. Bei za dola tunazotaja ni zile zilizotangazwa Marekani siku bidhaa ilipotoka, bila kodi. Dukani kwako utakuta kubwa zaidi, na sababu zake tumezieleza kwenye barua ya tano.

Nina kadi ya grafiki ya GTX 1060 yenye kumbukumbu ya 6GB tangu 2017. Ilitoka kwa dola 249. Leo RTX 5060, ya daraja lile lile, ni dola 299. Wenzangu wanasema tunaibiwa, lakini dola hamsini kwa miaka yote hiyo mbona si kitu? Au kuna jambo silioni? (Msomaji, Mwanza)

Kuna jambo huoni, na wenzako nao huenda hawalioni vizuri.

Ukitazama bei peke yake, Nvidia, watengenezaji wa kadi hizi, hawana kesi ya kujibu. Dola 249 za Julai 2016, ukizipandisha kwa mfumuko wa bei wa Marekani, ni kama dola 334 za 2025. Kwa hiyo 5060 iliyotoka Mei 2025 kwa dola 299 ni nafuu kuliko 1060 ilivyokuwa enzi zake, tena ina kasi kubwa mno kuizidi.

Sasa fungua ndani. 1060 yako ina viini, yaani vipande vidogo vya kupiga hesabu za picha, 1,280. Chipu ya gemu iliyo kubwa kuliko zote katika familia yake, ikiwa kamili, ina viini 3,840. Ulinunua theluthi moja. RTX 3060 ya 2021, dola 329, ilikuwa na viini 3,584 kati ya 10,752, theluthi ile ile. Halafu ikaja RTX 4060: viini 3,072 kati ya 18,432, yaani sehemu moja ya sita. Na 5060 ni 3,840 kati ya 24,576, chini kidogo ya sehemu ya sita. Njia ya kumbukumbu imebanwa kutoka biti 192 hadi 128. Jina limebaki, bei imebaki, ila pande la nyama limepungua. Ukitaka theluthi ya familia ya leo unaangukia kati ya RTX 5070 (viini 6,144, dola 549) na RTX 5070 Ti (viini 8,960, dola 749).

Hata hivyo tusiwaonee. Chipu kubwa ya leo imekua sana, kutoka milimita za mraba 471 hadi 750, kwa hiyo hesabu ya sehemu inawafanya waonekane wabaya kuliko walivyo. Chipu ya 1060 ilikuwa na milimita za mraba 200. Ya 5060 ni 181. Silikoni imepungua kidogo tu, na kila milimita yake sasa inatengenezwa TSMC, Taiwan, kwa teknolojia ghali sana kuliko ile ya nanomita 16 ya mwaka 2016. Zamani kila kizazi kipya cha uchapaji wa chipu kilifanya transista moja, ile swichi ndogo ndani ya chipu, kuwa rahisi zaidi. Siku hizi unapata transista nyingi zaidi kwa pesa nyingi zaidi, na punguzo lile la bure limekwisha.

Pasipo na utetezi ni kumbukumbu ya 8GB. 3060 ilikuwa na 12GB. 4060 na 5060 zikarudishwa 8GB. Gemu nzito za sasa hujaza 8GB hata kwenye skrini ya 1080p ukiweka mapambo (ubora wa picha) ya juu, na zikijaa gemu hukwama kila ukigeuza shingo, au sura za kuta na watu hubaki na ukungu. Nvidia wenyewe wametupa kipimo: 5060 Ti ya 8GB ilitoka kwa dola 379, ya 16GB kwa dola 429. Nyongeza ya 8GB waliiuza dola 50. Washindani wao AMD waliweka 16GB kwenye RX 9060 XT ya dola 349, na Intel wakaweka 12GB kwenye Arc B580 ya dola 249. Hiyo ya Intel usiichomeke kwenye prosesa ya zamani: inataka bodi yenye Resizable BAR iliyowashwa (mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo), na kwenye prosesa dhaifu hupoteza kasi nyingi.

Kwa nini hawajisumbui? Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025, Nvidia waliingiza dola bilioni 130.5. Za gemu zilikuwa bilioni 11.35, hazifiki tisa kwa mia. Mteja wao mkubwa ni vituo vya data vya akili unde, na huyo habishani bei.

Muuzaji aliniuzia 32GB za DDR5, RAM ya kizazi kipya, katikati ya 2025. Juzi nimemtuma ndugu yangu akanunue kama hizo, ameambiwa bei zaidi ya mara tatu. Je, si utapeli? (Mama mwenye duka la vifaa, Arusha)

Mama, safari hii muuzaji hana kosa. Jozi ya 32GB iliyouzwa karibu dola 100 Marekani katikati ya 2025 ilivuka dola 300 kabla mwaka haujaisha. Watengenezaji wakubwa wa chipu hizi duniani ni watatu tu: Samsung, SK Hynix na Micron. Vituo vya akili unde vinataka aina maalumu ya kumbukumbu iitwayo HBM, na kila gigabaiti ya HBM hula eneo la silikoni karibu mara tatu ya DDR5. Kiwanda ni kile kile, kwa hiyo kinachoingia huko kinatoka kwetu. Desemba 2025 Micron walitangaza kuifunga Crucial, chapa yao ya kuwauzia watu wa kawaida. DDR4, RAM ya kizazi kilichotangulia, nayo haikupona, maana viwanda vilikuwa vinapunguza kuitengeneza.

Kwa hiyo je, bei ni ya haki? Ni bei ya uhaba wa kweli, hilo tunalikubali. Lakini soko karibu lote kuwa mikononi mwa kampuni tatu si jambo la kumfurahisha mnunuzi.

La kufanya: shuka hadi 16GB, vijiti viwili vya 8GB. Kwa gemu nyingi za 1080p zinatosha ukifunga kivinjari. RAM ya mtumba ni salama kuliko karibu kifaa kingine chochote cha mtumba, kwa sababu haina feni wala kitu cha kuchakaa; ichomeke, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, mizunguko minne, ikitoa hata kosa moja irudishe. Ila jihadhari na vijiti vya seva vinavyouzwa rahisi mtandaoni. Vikiandikwa "Registered" au "RDIMM", kwenye bodi ya kawaida havifanyi kazi. Na ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, mkato wake uko mahali tofauti; anayesukuma kwa nguvu huvunja bodi.

Nimenunua kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex 7050 ile nyembamba yenye Core i5-7500 na RAM 8GB. Niweke kadi gani ya bei ndogo nicheze mpira na GTA V? (Mwanafunzi, Eldoret)

Hii ndiyo njia nafuu kuliko zote ya kuingia kwenye gemu, na ndiyo yenye mitego mingi.

Mtego wa kwanza ni umeme. Pawa saplai ya OptiPlex 7050 nyembamba ni wati 180, na ile ya mnara ni wati 240. Zote mbili hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, na plagi kuu si ile ya pini 24 ya kawaida, kwa hiyo huwezi kununua pawa saplai yoyote ukaibadilisha hivi hivi. Kadi yako lazima ile umeme wa kwenye nafasi yake tu, usiozidi wati 75.

Mtego wa pili ni kimo. Mashine nyembamba inataka kadi fupi ya kimo ("low profile") na bati lake fupi la nyuma. Muuzaji akikupa kadi fupi yenye bati refu, haifungi. Mdai bati fupi kabla hujalipa. Kadi nyingi za aina hii ni nene, zinafunika nafasi ya pili, basi pima kwa rula kutoka nafasi ndefu hadi kizuizi cha jirani.

Mtego wa tatu huwapata hata mafundi. RX 6400 inavutia: fupi, wati 53, haina waya. Lakini inatumia njia nne tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na bodi, na ilitengenezewa PCIe 4.0. Mashine yako ni PCIe 3.0, kwa hiyo njia hizo nne zinapita nusu ya mzigo. Na kwa kuwa ina 4GB tu, kila zikijaa inabidi ichote kutoka RAM kupitia mlango huo mwembamba, na gemu inakwamakwama. Chukua GTX 1650 fupi ya mtumba isiyo na tundu la umeme (kuna zenye tundu, usizichukue), au ukiwa na pesa zaidi, RTX 3050 ya 6GB. Hii ya 6GB inakula wati 70 na ina matoleo mafupi. Si sawa na RTX 3050 ya 8GB, ambayo inataka waya.

Kazi yenyewe:

1. Kabla ya kufungua, sasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) ukiwa bado unatumia picha ya bodi.
2. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki.
3. Weka kijiti cha pili cha RAM cha 8GB. Usikiruke hiki. Kijiti kimoja kinafanya kazi kwa njia moja, viwili kwa njia mbili, na gemu zinazoitegemea sana prosesa zinapata nafuu unayoiona kwa macho.
4. Futa pasta ya zamani juu ya prosesa, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Mashine za ofisi mara nyingi zimekaa miaka bila kuguswa.
5. Chomeka kadi, kaza skrubu, kisha waya wa skrini uende kwenye kadi. Nusu ya malalamiko ya "kadi haifanyi kazi" ni waya ulioachwa kwenye bodi.

Kama hujalipa bado, ongeza kidogo uchukue 7060 au HP EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500. Ina viini sita badala ya vinne, na inapokea Windows 11 rasmi. Ya kizazi cha saba haipokei, na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Gemu mpya za mtandaoni nazo zimeanza kudai Secure Boot, kinga inayozuia programu zisizoaminika mashine inapowaka. Battlefield 6 haikubali kuanza bila Secure Boot.

Mtandaoni kuna GTX 1050 Ti mpya kwa bei ya kutupa. Niamini? (Msomaji, Bujumbura)

Tazama nyuma yake kwanza. Ikiwa na tundu la VGA, lile la buluu la pini 15, achana nayo: chipu za kizazi hicho hazitoi picha ya analogi. Kadi hizo feki huwa ni chipu ya takriban 2010 iliyoandikiwa jina jipya kwenye BIOS yake, hata Windows inaamini.

Programu ya bure ya GPU-Z haidanganyiki kirahisi. Mara nyingi itaandika "FAKE" mbele ya jina. Isipoandika, soma mwenyewe: 1050 Ti halisi ni chipu GP107 yenye viini 768. RX 580 halisi ina viini 2,304. Yenye 2,048 ni 570 iliyovaa jina la 580. Si feki kabisa, ila usiilipie bei ya 580.

Kwa kadi halisi ya mtumba, iendeshe kwa mzigo kamili dakika ishirini ukiangalia joto. Sehemu ya joto kali ikizidi joto la kawaida la chipu kwa zaidi ya nyuzi 25, pasta imekauka, hesabu gharama ya fundi. Vidoti au mistari ya rangi ikitokea, kumbukumbu inakufa. Hapo hakuna mapatano. Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali kabla ya mtandao wa Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022 bado zinazunguka sokoni. Chipu zake mara nyingi ni nzima, zinazochoka ni feni na vipande laini vya kupitisha joto. Sisi hatulipi zaidi ya nusu ya bei ya kadi mpya yenye kasi hiyo hiyo na dhamana.

Kadi ya dola 299 Nairobi naambiwa 75,000. Faida gani hiyo? (Msomaji, Thika)

Tupige hesabu. Kadi 299, usafiri na bima tuseme 30, jumla 329. Sehemu za kompyuta hazitozwi ushuru wa forodha katika jedwali la Afrika Mashariki. Zinabaki VAT ya asilimia 16, takriban dola 53, pamoja na ada ya tamko la uingizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2, takriban dola 15. Unafika 397. Kwa shilingi 129 kwa dola ni kama 51,000. Muuzaji analipa pango, anabeba dhamana, na mzigo ukikaa bei ikashuka hasara ni yake. Kwa 60,000 yenye dhamana ya mwaka na risiti, nunua. Kwa 75,000 mwambie hesabu hii kisha nyamaza.

Kwa Tanzania VAT ni asilimia 18.

Gemu za dola 70 na sasa 80! Hakuna hata sidii. Zinapanda kwa nini? (Msomaji, Zanzibar)

Hapa tutakuudhi kidogo. Bei ya dola 60 ilizoeleka Marekani tangu enzi za Xbox 360, mwaka 2005 na 2006. Dola 60 za 2006 ni kama 96 za 2025. Kwa hesabu hiyo gemu ya dola 70 ni rahisi kuliko ilivyokuwa. Gharama nazo zimepaa: nyaraka za Sony zilizofichuka mahakamani 2023, wino wa kufichia ukiwa haukushika vizuri, zilionyesha The Last of Us Part II iligharimu dola milioni 220 hivi. Kutokuwepo kwa sidii hakuokoi kingi, maana Steam, duka la gemu la mtandaoni, huchukua asilimia 30 ya mauzo, ikishuka hadi 25 mauzo yakivuka dola milioni 10 na 20 yakivuka milioni 50.

Tusichokubali ni viwili. Cha kwanza, bei ya 70 siku hizi ni kiingilio tu; toleo lenye kila kitu linapita 100. Cha pili ni sisi wenyewe: Steam haina shilingi ya nchi yoyote ya Afrika Mashariki. Mchezaji wa Afrika Kusini anaonyeshwa randi, na mchapishaji anaweza kumpangia bei ya kwao. Wewe unalipa dola zile zile za mtu wa Chicago.

Na bei kubwa si sheria ya maumbile. Microsoft walitangaza The Outer Worlds 2 kwa dola 80, wateja wakanuna, wakairudisha 70. Hollow Knight: Silksong ilitoka Septemba 2025 kwa dola 20 tu. Kwa hiyo subiri. Angalia tovuti ya SteamDB uone bei ya chini kabisa ambayo gemu iliwahi kufika, iweke kwenye orodha ya matamanio, upewe taarifa ikishuka. Duka la mtandaoni la Epic hugawa gemu bure kila wiki. Na ukinunua ukajuta, Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza saa mbili. Saa hizo hesabu pia muda uliokaa kwenye menyu ukipanga mapambo.

Mzazi wa Tanga aliyeuliza kama asubiri PS5 ishuke bei, asisubiri. PS2 ilianza dola 299 ikaishia 99. PS5 yenye diski ilianza 499 mwaka 2020, na Agosti 2025 Sony wakaipandisha hadi 550 Marekani. Desturi ya kushuka imekatika.

Mwaka huu nina pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu. Kadi, prosesa au RAM? (Msomaji, Muscat)

Usiulize muuzaji, iulize mashine. Fungua gemu unayoicheza zaidi, simama mahali penye vurugu, andika fremu (picha) zinazochorwa kwa sekunde. Kisha shusha mwonekano kutoka 1080p hadi 720p, bila kugusa kingine, rudi pale pale. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inachoka. Zikibaki zile zile, prosesa au RAM ndiyo inayozuia, na kadi mpya haitakusaidia kitu. Hapo fungua Task Manager kwenye ukurasa wa kumbukumbu gemu ikiendelea: ikizidi asilimia 90, anza na RAM. Na kabla ya kutoa hata senti, ingia BIOS uhakikishe XMP au EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, imewashwa. RAM ya 3200 iliyosahaulika ikikimbia kwa 2133 tunaikuta mara nyingi, hata kwenye mashine zilizoundwa na maduka.